Usimsasishe Mtu Siku ya Malipo

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nyumbani Mukuyuni, Makueni, nikila maembe na kurekebisha programu yangu, na katika kurekebisha huko nimefikia msimamo ambao leo nataka kuutetea. Msimamo wenyewe ni huu: programu ambayo mtu anaitegemea kwa kazi yake isijisasishe bila ruhusa yake, na sisi watengenezaji tukiandika neno "imara" kando ya toleo fulani, neno hilo liwe ahadi.

Kama hujawahi kufungua lile dirisha jeusi la kompyuta lenye maandishi matupu, usikimbie. Nitakwenda polepole.

Programu za dirisha jeusi hazina vitufe wala picha. Unaandika amri, unabonyeza Enter, nayo inakujibu kwa maandishi. Wengi huziona za kizamani, lakini zina jambo moja zuri sana: jibu la programu moja unaweza kulipeleka moja kwa moja kwenye programu nyingine, kama maji yanavyopita kwenye bomba. Msomaji wa jibu mara nyingi si binadamu. Ni programu nyingine. Shikilia hilo, kwa sababu ndilo lililonitia aibu.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ndogo ya aina hiyo, nikaiita mizani. Inatumika mahali ambapo wakulima wa maembe huleta mzigo wao kupimwa. Karani anaingiza jina, kilo na tarehe. Ijumaa anaandika "mizani orodha", na kinachotoka kinapita kwenye skripti fupi inayotengeneza faili la malipo. Faili hilo hupandishwa kwenye mfumo wa kulipa, na kila mkulima anapata pesa kwenye simu yake. Karani ni mama wa umri wa mama yangu, nami humwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu huku Ukambani. Hakusomea kompyuta, lakini amri zake nne anazijua kama njia ya kwenda kisimani.

Programu ilisifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikatia yangu. Niliongeza uwezo wa kujisasisha: kila mizani inapofunguliwa, inaulizia kwenye seva yangu kama kuna toleo jipya, na likiwepo inalipakua na kujibadilisha yenyewe kimyakimya. Nilijiona mtaalamu. Si ndivyo wakubwa wanavyofanya?

Ikafika Ijumaa moja ya Januari 2024. Usiku wa kuamkia siku hiyo, nikiwa chumbani kwangu Nairobi, nilikuwa nimetoa toleo 1.4.0. Nililipenda sana. Nilikuwa nimeongeza hata salamu, mstari mmoja tu juu kabisa: "Karibu mizani 1.4!"

Asubuhi Mwaitu akafungua kompyuta. Mizani ikapakua megabaiti 38 kutoka kwenye bando alilonunua kwa pesa yake. Kisha akaandika "mizani orodha" kama kawaida. Skripti, ambayo siku zote huruka mstari wa kwanza kwa kuwa ndio wenye vichwa vya safu, safari hii iliruka salamu yangu. Vichwa vya safu vikahesabiwa kuwa mkulima. Mfumo wa malipo ukakuta mkulima anayeitwa "Jina", mwenye namba ya simu inayoitwa "Simu", ukalikataa faili lote.

Simu yangu ikalia. "Mwanangu, mashine yako inasema karibu, lakini pesa haiendi."

Ungetarajia kwamba ningemwambia arudi kwenye toleo la jana. Sikuwa nalo. Kila toleo jipya nililiweka kwenye seva juu ya la zamani, kwa jina lilelile. Ilibidi nitafute msimbo wa zamani, niujenge upya, nimtumie faili, kisha nimsomee hatua kwa simu herufi kwa herufi. Tulipomaliza, muda wa kutuma malipo ya siku ile ulikuwa umepita. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Wapo wazazi waliokaa chini ya mti nje ya kituo tangu asubuhi wakisubiri simu zilie, na jioni wakaondoka bila kitu. Pesa ilifika wiki iliyofuata. Wako watoto walioripoti shuleni siku tatu baada ya wenzao kwa sababu ya salamu niliyoiongeza mimi kwa furaha zangu.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Programu inapotoka mikononi mwa mtengenezaji hadi kwa mtumiaji, inapita njia fulani. Njia hiyo naiita mkondo. Programu nyingi kubwa zina mikondo zaidi ya mmoja. Lugha ya Rust, kwa mfano, ina mitatu: wa kila usiku, ambamo kazi ya mchana huingia hata kama haijaiva, wa beta, na ulio imara. Kila baada ya wiki sita kilichokuwa beta kinakuwa imara. Debian wana "unstable", halafu "testing", halafu "stable". Furushi huingia kwanza kwa wale waliokubali kuumia, likikaa siku kadhaa bila malalamiko makubwa linasogezwa mbele, na baada ya miaka miwili hivi kundi zima linatangazwa kuwa imara.

Walio na umri wa kaka yangu mkubwa watakumbuka CD za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2011. Toleo 8.04, maana yake mwaka 2008 mwezi wa 4, liliahidiwa kuhudumiwa miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa seva. Kwa mtu anayeshughulikia kompyuta za shule kijijini, ahadi hiyo ilikuwa na thamani kuliko pambo lolote jipya. Aliweza kupanga.

Hata hapa kwetu mfano upo. Mfumo wa kitaifa unaotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya, wale karibu laki moja ambao serikali iliwapa simu mwaka 2023, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, mradi huria unaoongozwa na shirika la Medic. Anayesimamia seva ya mfumo wa aina hiyo haletewi toleo jipya kwa kushtukizwa. Analichagua kwenye ukurasa ambao matoleo kamili yametengwa na ya beta. Anaweza pia kuliandaa kwanza, yaani lipakuliwe na kutayarishwa pembeni wakati watu wanaendelea na kazi, kisha alisakinishe saa anayoitaka yeye. Ukimfikiria mhudumu aliye kwenye boma la mtu, mtoto ana homa, simu haina mtandao, utaelewa kwa nini mambo yamepangwa hivyo.

Mimi nilikuwa na mkondo mmoja tu, uliotoka kwenye meza yangu ukaishia kwenye mfuko wa mkulima.

Ule mwaka 2024 uliendelea kunifundisha. Ngoja niwakumbushe mambo matatu.

La kwanza ni la Machi 29. Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft na pia kwenye PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyo karibu kwenye kila Linux, kulikuwa kumefichwa mlango wa nyuma. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejipenyeza kwenye mradi huo kwa miaka, akaaminiwa, kisha akatia sumu kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sumu hiyo ilikuwa tayari imeingia "unstable" na "testing" za Debian. Kwenye "stable" haikuwa imefika. Bila ule utaratibu wa kungoja, habari ingekuwa nyingine kabisa. Mara nyingi watu huwacheka Debian kwamba vitu vyao ni vikuukuu. Mwezi ule hawakucheka.

La pili ni la Mei 12. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukawa wa kusuasua Kenya, Tanzania na kwa majirani kwa siku kadhaa. Programu iliyoandikwa kwa imani kwamba seva ipo daima, inayokataa kuanza hadi iulizie toleo jipya, siku kama hiyo ni kopo tupu. Lakini sisi wa Mukuyuni hatuhitaji waya kukatika baharini. Bando likiisha tu, waya wako umekatika.

La tatu ni la Julai 19. CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, ilituma faili dogo la maelekezo saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu. Faili lilikuwa na kasoro. Lilirekebishwa baada ya dakika 78, lakini kufikia hapo kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilikuwa zimeanguka, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Na jambo linaloniuma ni hili: wateja wao walikuwa na mikondo. Waliweza kuchagua kubaki toleo moja au mawili nyuma ya jipya, na wengi wenye busara walikuwa wamefanya hivyo. Ila uchaguzi huo ulihusu programu kuu tu. Mafaili ya maelekezo yalipita kando ya mikondo yote, yakawafikia wote kwa pamoja. Mwenye busara na asiye nayo wakaanguka siku moja.

Niliposoma hilo nilikumbuka salamu yangu. Nami nilijiambia kwamba si badiliko, ni mstari mmoja tu wa maneno. Chochote kinachobadilisha tabia ya programu ni toleo, hata kama ni sentensi moja, na lazima kipite mkondoni kama vingine.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja yao nzito naijua. Watasema: mtu aliyekwama kwenye toleo la zamani ni nyumba isiyo na kufuli. Ni kweli. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani, Microsoft walikuwa wametoa dawa ya tundu lile tangu Machi kwa matoleo ya Windows yaliyokuwa bado yanahudumiwa. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuipokea dawa hiyo. Na kivinjari, ambacho kila siku kinakutana na kurasa za watu usiowajua, nakubali kijisasishe chenyewe. Mimi mwenyewe cha kwangu kinafanya hivyo.

Lakini tazama kosa linalojificha ndani ya hoja hiyo. Inachanganya dawa na mapambo. Mtumiaji anatishwa kwa tundu la usalama ili akubali pia vitufe vipya, salamu mpya na mpangilio mpya ambao hakuuomba. Debian wanavitenganisha: tundu likipatikana kwenye toleo imara, wanaziba tundu lile tu ndani ya toleo lilelile la zamani, bila kuongeza kitu. Ndiyo maana hata namba za matoleo zina sehemu tatu. Kutoka 1.3.2 kwenda 1.3.3 ni kurekebisha kasoro. Kwenda 1.4.0 ni kuongeza jambo bila kuvunja la zamani. Kwenda 2.0.0 ni kuonya kwamba huenda kitu kikavunjika. Mimi niliandika 1.4.0 na ndani yake nikavunja. Namba yangu ilisema uongo.

Hoja ya pili ni ya uchovu. Mtengenezaji mmoja, kazi yake ni ya usiku baada ya kazi ya mchana, atahudumia vipi mikondo mitano? Asihudumie mitano. Miwili inatosha. Nimejaribu, na mzigo ni mdogo kuliko wa kumsomea mtu msimbo kwa simu huku wazee wamekaa chini ya mti.

Haya basi, hivi ndivyo mizani inavyofanya kazi leo. Chukua kinachokufaa:

1. Mikondo ni miwili, imara na majaribio. Ukisakinisha bila kusema lolote unapata imara. Anayetaka majaribio anaandika mwenyewe "mizani sasisha --mkondo majaribio". Hakuna anayefanywa mjaribu bila kujua.

2. Mizani haijisasishi. Likiwepo toleo jipya inataja tu, na inataja kwenye mlango unaofaa. Kila programu ya dirisha jeusi ina milango miwili ya kutolea maneno: namba 1 ni ya matokeo, namba 2 ni ya maonyo na makosa. Matokeo ndiyo yanayopita kwenye bomba. Taarifa zangu zote sasa zinatoka mlango namba 2. Tena programu inaweza kujua kama matokeo yake yanakwenda kwenye skrini au kwa programu nyingine. Yakienda kwa programu nyingine, inanyamaza kabisa.

3. Kabla ya kupakua, inasema ukubwa. "Toleo 1.5.1, megabaiti 6. Endelea?" Hizo 38 zilipungua hadi 6 nilipoondoa maktaba nilizokuwa nimezibeba bila kuzitumia. Nyumbani kwangu Nairobi sikuwahi kuona uzito huo, kwa sababu nalipia mtandao kwa mwezi. Mwaitu ananunua bando la siku. Sasisho la lazima ni bili tunayomtumia mtu bila kumuuliza.

4. Toleo linaweza kubebwa kwa flashi. Faili linakuja na alama yake ya SHA-256, nayo mizani inaikagua kabla ya kusakinisha. Alama hiyo namsomea kwa simu, isije ikawa aliyebadilisha faili kabadilisha na alama.

5. Matoleo ya zamani hayafutwi. Amri ni "mizani rudi", na inarudi bila mtandao, kwa sababu toleo lililotangulia linabaki kwenye kompyuta yake. Hili lilinipa kazi kuliko yote, kwa maana toleo la zamani lazima liweze kusoma kumbukumbu zilizoandikwa na jipya. Lakini kurudi ambako kunapoteza kilo za mkulima si kurudi.

6. Kitu hakiingii imara kabla hakijakaa majaribio wiki mbili na kupita Ijumaa mbili. Mjaribu wangu mkuu ni kijana wa duka la simu pale sokoni, anayeendesha orodha ya wakulima wa kubuni na kunipigia simu akiona ajabu. Ameshanizuia mara mbili.

Unaona kwamba hakuna jambo la ajabu hapo. Hakuna hata moja linalohitaji kampuni kubwa wala seva za mamilioni. Yote ningeweza kuyafanya kabla ya ile Januari, na chuoni nilifundishwa mengi yake. Kilichonikosesha ni kwamba nilipokuwa nikiandika msimbo nilimwona mtumiaji kama mimi: mwenye mtandao usioisha, mwenye muda wa kusoma habari za toleo, anayefurahia kitu kipya Ijumaa asubuhi.

Tunapozungumzia teknolojia hapa kwetu tunapenda kuuliza kama watu wa vijijini wako tayari kwa programu zetu. Mwaitu alikuwa tayari. Alikuwa na kazi iliyokwenda sawa kwa miezi, mimi ndiye niliyeivunja nikiwa mbali na bila kugonga mlango. Swali linalonihusu mimi na wewe unayeandika programu ni kama zetu ziko tayari kwa watu ambao Ijumaa yao haina nafasi ya kukosea.

Krismasi iliyopita nilimkuta kituoni akifunga vitabu. Malipo yalikuwa yameshatoka. Akaniambia nisubiri, akaketi, akaandika "mizani sasisha", akasoma ukubwa, akatazama salio la bando kwenye simu yake, kisha akaandika "hapana".

"Nitaichukua Jumatatu," akasema. "Leo iko sawa."

Nami nikakubaliana naye kabisa. Tuonane tena.